Kuchanganua mazao ya makaa ya mawe yaliyogeuzwa mafuta: mwongozo kamili kwa maabara zetu za Magharibi

Malalamiko ni yale yale kutoka Maseno, Njoro hadi Kakamega. Mwanafunzi amepata makaa ya mawe, labda ya bonde la Mui kule Kitui, ameyapika kwa hidrojeni ndani ya otoklevu, yaani chungu cha chuma kinachohimili shinikizo, na otoklevu imefunguliwa salama. Kisha anaanza kutenganisha mazao na hesabu inakataa. Mafungu yakijumlishwa yanazidi makaa yaliyoingia, au sehemu kubwa ya makaa haionekani popote. Akikata tamaa anabeba chupa moja ya mafuta hadi kwenye mashine ya GC-MS, inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke na kuzitambua kwa uzito wa vipande vyake, anachapisha orodha ndefu ya majina ya kemikali na kuiita matokeo.

Orodha hiyo haina maana kama mizani haijakubali kwanza. GC-MS huona tu kile kinachoweza kuwa mvuke, na sehemu kubwa ya mazao ya makaa ya mawe haigeuki mvuke hata ukiipasha hadi nyuzi 300. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mizani, na sehemu yake kubwa inabaki hapo. Mashine zinakuja mwishoni.

## Mafungu manne unayotafuta

Ukifungua otoklevu unakuta uji mweusi. Tunaugawa kwa kuangalia ni kiyeyusho gani kinachoyeyusha nini:

- Mafuta: huyeyuka katika heksani.
- Asfaltini: huyeyuka katika tolueni, lakini si katika heksani.
- Preasfaltini: huyeyuka katika tetrahidrofurani, ambayo maabarani kila mtu huiita THF, lakini si katika tolueni.
- Mabaki: hayayeyuki hata katika THF. Hapa kuna makaa ambayo hayakubadilika, majivu na kichocheo.

Majina haya yanaelezea tabia ndani ya kiyeyusho tu, hayaelezei kemikali moja moja. Ukibadilisha kiwango cha heksani, joto au muda wa kusubiri, mpaka kati ya mafuta na asfaltini unahama. Ndiyo maana lazima ufanye vile vile kila mara na uandike ulivyofanya.

## Vifaa na kemikali

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Kazi hii haipendi kusimamishwa katikati.

- Mizani inayosoma gramu 0.0001
- Soxhlet, kifaa cha kioo kinachosuuza sampuli kwa kiyeyusho tena na tena, na vifuko vyake vya selulosi
- Rotavapa, mashine ya kuvukiza viyeyusho, yenye pampu ya vakyumu
- Oveni ya vakyumu, na oveni ya kawaida inayofika nyuzi 110
- Tanuri linalofika nyuzi 815 na vikombe vya kauri
- Desiketa, chombo cha kupoozea vitu bila kunywa unyevu, yenye silika jeli ambayo bado ni ya buluu au ya rangi ya chungwa, kulingana na aina yake
- Flaski ya kipimo ya ml 250, pipeti za ml 50 na ml 1
- Chujio za nyuzi za kioo, na chujio za sindano za PTFE (plastiki ngumu isiyoyeyushwa na viyeyusho) za mikromita 0.45
- Bafu ya ultrasoniki
- Funeli ya kutenganishia
- Chupa za kioo zenye vifuniko vilivyowekwa PTFE. Plastiki laini usiiguse kabisa.
- THF, tolueni, heksani, sodiamu haidroksaidi, haidrokloriki asidi
- Vijiti vya kupima peroksidi, au potasiamu ayodaidi na asetiki asidi
- Glavu za nitrili za kutosha kubadilisha mara kwa mara, miwani, na kabati la kuvuta mvuke linalofanya kazi kweli

Ongeza ndoo, pampu ndogo ya maji na barafu. Kisumu maji ya bomba huwa ya vuguvugu, na kuna siku hayaji. Kuzungusha maji ya barafu kutoka kwenye ndoo kunaaminika zaidi, na wauza samaki wa Dunga hawakosi barafu. Chomeka pampu na hita kwenye soketi moja. Umeme ukikatika vyote vizime pamoja. Hatari inakuja pale maji yanaposimama huku hita ikiendelea: mvuke wa THF utatoka juu ya kondensa, na mvuke huo hushika moto upesi.

## Usalama kabla ya hatua ya kwanza

Uji wa makaa ya mawe una benzopirini na jamaa zake zinazosababisha saratani, nazo hupita kwenye ngozi. THF hupenya glavu ya nitrili kwa dakika chache, kwa hiyo ikimwagika juu ya glavu, vua na uvae nyingine mara moja. Heksani huharibu neva za mikono na miguu kwa wanaoivuta kwa muda mrefu.

Gesi ya otoklevu huwa na hidrojeni salfaidi. Usitegemee pua. Kiwango kikiwa kikubwa gesi hii huua uwezo wa kunusa kabla hujashtuka. Itoe polepole ndani ya kabati, ipitie kwenye chupa ya myeyusho wa sodiamu haidroksaidi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hulipuuza. THF iliyokaa kwenye chupa iliyofunguliwa hutengeneza peroksidi, na peroksidi zikibaki peke yake kwenye flaski ya moto hulipuka. Chukua ml 1 ya THF, ongeza ml 1 ya asetiki asidi yenye potasiamu ayodaidi ya asilimia 10. Rangi ya manjano inaonyesha peroksidi zipo, na kahawia ni nyingi. Chupa hiyo usiivukize.

## Hatua ya 1: Yajue makaa yako kabla hayajapikwa

Pima unyevu kwa kukausha sampuli nyuzi 105 hadi 110 hadi uzito usibadilike. Pima majivu kwa kuchoma sampuli nyingine nyuzi 815, ukipandisha joto taratibu ili makaa yasiruke kutoka kikombeni.

Bila namba hizi mbili huwezi kujua ni kiasi gani kilichoweza kubadilika. Maji na mawe hayageuki mafuta. Mfano tutakaotumia hadi mwisho: makaa gramu 10.00, unyevu asilimia 6, majivu asilimia 14. Makaa halisi, yaani makavu na yasiyo na majivu, ni gramu 8.00. Asilimia zote zinahesabiwa juu ya 8.00, si juu ya 10.00.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, pima unyevu siku ile ile unayopima makaa ya kupika. Makaa ya daraja la chini hunywa unyevu wa hewa ya ziwani.

## Hatua ya 2: Toa kila kitu kwenye otoklevu

Pooza otoklevu hadi joto la chumba, soma shinikizo lililobaki, toa gesi. Kama una mfuko wa gesi na kromatografu ya gesi inayosoma hidrojeni, metani na kaboni dioksaidi, chukua sampuli sasa. Kama huna, endelea. Tutaihesabu gesi pamoja na mafuta.

Suuza kuta, kifuniko, kikorogeo na bomba la kipimajoto kwa THF hadi matone yawe hayana rangi. Kwenye mifereji ya skrubu ya kifuniko ndiko uji hujificha. Uji ulioachwa huko baadaye huhesabiwa kama makaa yaliyogeuka mafuta, kwa sababu haukufika kwenye mabaki. Yaani uzembe wa kusuuza hukupa matokeo mazuri ya uongo.

## Hatua ya 3: Soxhlet kwa THF

Kausha kifuko cha selulosi, kipooze ndani ya desiketa, kipime. Mimina uji wote ndani, suuza chombo, na uendeshe Soxhlet kwa THF.

Muda usiuamue kwa saa ya ukutani. Endelea hadi THF inayoshuka kwenye mkono wa Soxhlet iwe haina rangi kabisa kwa mizunguko kadhaa. Mara nyingi huchukua saa 24, na makaa sugu huhitaji 48. Ukilazimika kuzima jioni, zima, acha kifuko kikiwa kimezama ndani ya THF na uendelee asubuhi. Kikikauka katikati, lami huganda ndani ya mabaki na kuitoa tena ni shida.

Usishangae kuona THF ikichemka mapema. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo THF huchemka karibu nyuzi 62 badala ya 66, na tolueni karibu 106 badala ya 111. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850, tolueni huchemka karibu 103. Hita iliyowekwa kwa namba za kitabu kilichoandikwa usawa wa bahari itachemsha kwa fujo. Punguza hadi Soxhlet ijae na kumwagika mara nne hadi sita kwa saa.

Kukausha mabaki. Hapa ndipo hesabu nyingi hufia. Mabaki ya makaa yana vitundu vidogo sana, na THF huingia humo ikakataa kutoka. Kausha kwenye oveni ya vakyumu nyuzi 80 usiku kucha, pooza kwenye desiketa, pima. Rudisha saa mbili, pima tena. Endelea hadi vipimo viwili vitofautiane kwa chini ya miligramu 2. Oveni isiyo na vakyumu, hata ukiiweka nyuzi 110, huacha THF ndani, na ubadilishaji wako, yaani sehemu ya makaa iliyogeuka, utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Pima haraka. Hewa ya Kisumu ina unyevu, na kifuko cha selulosi huanza kuongeza uzito mbele ya macho yako. Namba ya mizani ikiwa inapanda polepole bila kutulia, ni maji ya hewa hayo; kirudishe kwenye desiketa.

*Ukifaulu:* mabaki ni unga mweusi usiong'aa, mkavu, usioshikana, usio na harufu tamu ya THF.

## Hatua ya 4: Gawa myeyusho wa THF kabla ya kuugusa

Hii ndiyo hatua ambayo miongozo mingi haina, nayo inaokoa pesa na hesabu.

Punguza myeyusho wa THF kwenye rotavapa hadi uwe chini ya ml 200. Uhamishe kwenye flaski ya kipimo na ujaze hadi alama ya ml 250. Tikisa vizuri. Sasa kila ml 50 ni sehemu ya tano kamili ya mazao yote yaliyoyeyuka.

Chukua ml 50 mbili za kupima uzito, ili uwe na kipimo na rudio lake. Chukua ml 1 ya GC-MS na uiweke kwenye jokofu. Kilichobaki ni akiba yako siku flaski itakapopasuka.

Sababu kubwa ni tetralini. Wengi wetu hupika makaa ndani ya tetralini, kwa mfano gramu 20 kwa gramu 10 za makaa, kwa kuwa hutoa hidrojeni na kuwapa vipande vya makaa. Tetralini huchemka nyuzi 207, hivyo rotavapa haiiondoi yote. Nayo ni ya jamii ya tolueni: huyeyusha asfaltini. Ukienda na mzigo wote, utahitaji zaidi ya lita moja ya heksani ili asfaltini zishuke. Kwa sehemu ya tano unabaki na ml 4 hivi za tetralini, na kazi inawezekana.

## Hatua ya 5: Shusha preasfaltini

Wanafunzi hufanya moja kati ya makosa mawili hapa. Wa kwanza huvukiza THF hadi flaski ikauke, akapata lami ngumu kama kioo ambayo tolueni haiingii ndani yake. Wa pili huacha THF kidogo, na THF hiyo hubeba preasfaltini hadi kwenye tolueni. Wote wawili huripoti namba zisizo za kweli.

Dawa ni kubadilishana viyeyusho bila kukausha:

1. Punguza ml 50 hadi zibaki kama ml 10.
2. Ongeza tolueni ml 30. Punguza tena hadi ml 10. THF huchemka mapema kuliko tolueni, hivyo hutangulia kutoka.
3. Rudia mara mbili zaidi.
4. Ongeza tolueni, angalau ml 40 kwa kila gramu ya lami unayotarajia. Kwa mfano wetu ml 60 zinatosha.
5. Weka kwenye bafu ya ultrasoniki dakika 20, kisha acha gizani usiku kucha.
6. Chuja kwa chujio ya nyuzi za kioo uliyoipima. Osha kwa tolueni hadi matone yawe meupe.

Kausha kwenye vakyumu nyuzi 105 hadi uzito utulie. Preasfaltini hung'ang'ania kiyeyusho kuliko fungu jingine lolote. Zisage taratibu kwa kijiko cha kioo baada ya kipimo cha kwanza, kisha zirudishe kwenye oveni. Uzito ukishuka tena, ujue tolueni ilikuwa imefungiwa ndani ya mabonge.

*Ukifaulu:* unga mweusi au wa kahawia nzito unaometameta kidogo. Ukinata kwenye kijiko, bado una tetralini. Osha tena.

## Hatua ya 6: Shusha asfaltini

Punguza tolueni hadi jumla ya kimiminika, tetralini ikiwemo, iwe ml 10 hivi. Mimina tone kwa tone ndani ya heksani ml 400 huku ukikoroga kwa nguvu. Uwiano wa 40 kwa 1 ni dhidi ya tolueni *na* tetralini kwa pamoja. Ukisahau tetralini, sehemu ya asfaltini zitabaki zimeyeyuka na utadhani umepata mafuta mengi.

Usigeuze mwendo, yaani usimimine heksani juu ya lami. Lami ikishuka ghafla kwa wingi hufungia mafuta ndani yake. Tone dogo katika bahari ya heksani hutoa chembe ndogo zilizo safi zaidi.

Acha usiku kucha gizani, chuja, osha kwa heksani. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: yeyusha asfaltini hizo katika tolueni kidogo, ml 5, na uzishushe tena ndani ya heksani ml 200. Mara ya pili heksani itapata rangi ya manjano. Rangi hiyo ni mafuta yaliyokuwa yamenaswa. Changanya heksani ya pili na ya kwanza.

Kausha kwenye vakyumu nyuzi 80, pima.

*Ukifaulu:* unga mkavu wa kahawia unaopeperuka kirahisi. Funga pumzi unapoupima.

## Hatua ya 7: Usiyapime mafuta

Mkono utakuwasha uvukize heksani na kupima kilichobaki. Usifanye hivyo. Sehemu ya fenoli, kresoli, naftalini na mafuta mepesi itaondoka na heksani, na tetralini nyingi itabaki ikijifanya mafuta ya makaa. Kuna pia dawa ya BHT inayotiwa kwenye THF kuzuia peroksidi. Kwa kiwango cha kawaida cha sehemu 250 kwa milioni, lita moja ya THF ikivukizwa huacha gramu 0.22 hivi za BHT, nayo huyeyuka katika heksani.

Mafuta tunayapata kwa kutoa: yote yaliyobadilika, kasoro asfaltini na preasfaltini. Namba hiyo inajumuisha gesi na maji yaliyotokea, kwa hiyo iandike waziwazi kama "mafuta, gesi na maji". Kama ulipima gesi kwenye Hatua ya 2, unaweza kuitoa humo.

## Hatua ya 8: Hesabu

Choma mabaki ya Hatua ya 3 kwenye tanuri, nyuzi 815, upate majivu yake. Tuendelee na mfano:

- Makaa halisi: gramu 8.00
- Mabaki makavu: gramu 3.20
- Majivu na kichocheo ndani ya mabaki: gramu 1.50
- Makaa ambayo hayakubadilika: 3.20 − 1.50 = 1.70
- Ubadilishaji: (8.00 − 1.70) ÷ 8.00 = asilimia 78.75
- Preasfaltini: 0.320 × 5 = gramu 1.60, yaani asilimia 20.0
- Asfaltini: 0.384 × 5 = gramu 1.92, yaani asilimia 24.0
- Mafuta, gesi na maji: 78.75 − 20.0 − 24.0 = asilimia 34.75

Ukitumia oksidi ya chuma kama kichocheo pamoja na salfa, kumbuka kwamba ndani ya otoklevu hugeuka salfaidi ya chuma. Gramu 1.00 ya oksidi huwa kama gramu 1.10 za salfaidi, kisha tanuri huirudisha kuwa oksidi. Kwa kichocheo kingi, tofauti hiyo isahihishe. Kwa asilimia moja ya makaa, inafichwa na makosa mengine.

Marudio yako mawili yakitofautiana kwa zaidi ya pointi 2 za asilimia, usichukue wastani. Tafuta sababu. Dalili husema mengi:

Mafuta ni hasi au karibu na sifuri. Kuna kiyeyusho kwenye asfaltini au preasfaltini. Kausha upya.

Ubadilishaji umezidi asilimia 95 kwa makaa ya kawaida. Angalia kifuniko cha otoklevu, na uangalie kama kifuko kilitoboka na unga mweusi ukashuka kwenye flaski.

Majivu ya mabaki ni machache kuliko majivu ya makaa uliyoweka. Mabaki yalimwagika. Majivu ni shahidi wako bora, kwa kuwa hayageuki mafuta. Katika mfano, makaa yaliingiza gramu 1.40 za majivu na kichocheo kidogo, na 1.50 zimerudi, kwa hiyo ninaiamini kazi hiyo. Zingerudi 1.10 ningerudia kazi yote kutoka mwanzo.

## Hatua ya 9: GC-MS

Sasa mashine ina kitu cha kueleza. Chukua ile ml 1 ya myeyusho wa THF iliyo jokofuni, uipashe hadi joto la chumba. Ongeza kiwango cha ndani kilichopimwa, yaani kemikali ya kulinganishia, kama naftalini yenye deuteri (hidrojeni nzito), kisha uimimine ndani ya heksani ml 40. Asfaltini zitashuka. Subiri zitulie, chuja kwa PTFE. Ukiingiza lami yenyewe kwenye GC, utaziba kioo cha mdomo wa mashine, na anayekuja baada yako kwenye foleni ataipata imechafuka.

Andaa chupa mbili: moja kama ilivyo kwa kemikali ndogo ndogo, nyingine iliyopunguzwa mara 20 kwa tetralini na naftalini. Katika chupa ya kwanza, zima kigunduzi wakati tetralini inapita ili filamenti isiungue.

Safu ya kawaida ya GC, lile bomba jembamba la kutenganishia, yenye fenili asilimia 5 inatosha. Anza nyuzi 40, panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 300, kaa hapo dakika 15.

Usiamini jina la kwanza ambalo maktaba ya kompyuta inapendekeza. Angalia ayoni mwenyewe, yaani vipande vya molekuli ambavyo mashine huvipa namba kwa uzito wake:

- 57, 71, 85: alkani nyoofu, kama ngazi zilizopangwa kwa nafasi sawa
- 94: fenoli, 107 na 108: kresoli
- 128: naftalini, 141 na 142: methilinaftalini
- 178: fenanthrini au antrasini, 202: pirini au fluoranthini
- 104 na 132: tetralini
- 117 na 132: methilindani, ambayo ni tetralini iliyojikunja upya. Maktaba huichanganya na tetralini kila mara.
- 205 na 220: BHT kutoka chupa ya THF, si kutoka makaa
- 149: ftalati kutoka plastiki
- 73, 207, 281: silikoni ya safu au ya kizibo

Zile tatu za mwisho zimeingia kwenye tasnifu kama "mazao ya makaa ya mawe", na inauma kuziona humo. Endesha jaribio tupu: THF ile ile, kiasi kile kile, njia ile ile, bila makaa. Chochote kinachoonekana hapo kifute kwenye orodha yako.

Hesabu ya hidrojeni. Kila molekuli ya tetralini inayogeuka naftalini hutoa atomi nne za hidrojeni. Ukipata naftalini gramu 4.8, gawa kwa 128 upate moli 0.0375, zidisha kwa 4: gramu 0.15 za hidrojeni. Juu ya gramu 8.00 za makaa halisi, hiyo ni karibu asilimia 1.9. Pika tetralini peke yake kwa joto na muda ule ule, utoe naftalini itakayotokea humo. Na kama ulitumia kichocheo chini ya hidrojeni, naftalini hurudishwa kuwa tetralini, hivyo namba hii ni ya chini kabisa.

## Hatua ya 10: Kutenga fenoli, ukizihitaji

Kwa anayetaka fenoli peke yake, chukua myeyusho wa heksani wa Hatua ya 6. Ukoroge kwa haidrokloriki asidi ya asilimia 10 kwanza, ambayo huvuta besi za naitrojeni. Kisha kwa sodiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ambayo huvuta fenoli. Toa tabaka la maji, lifanye asidi hadi pH 2, na uzivute fenoli kwa dietili etha. Povu zito likikataa kutengana, ongeza chumvi na usubiri. Usitikise tena.

## Hatua ya 11: FTIR ya asfaltini

FTIR husoma jinsi sampuli inavyofyonza mwanga wa infraredi. Saga asfaltini na potasiamu bromaidi iliyokaushwa nyuzi 110. Mistari ya 2920 na 2850 ni minyororo ya alkili, 3050 na 1600 ni pete za aromati, 1700 ni kabonili, na 3400 ni haidroksili.

Huo wa 3400 uushuku. Potasiamu bromaidi hunywa maji ya hewa, na maji huchora mstari pale pale, pamoja na mwingine karibu 1640. Pima kidonge kitupu, cha potasiamu bromaidi bila asfaltini, siku hiyo hiyo. Mistari mikali ya 1070 na 910 ikitokea pamoja, hiyo ni THF iliyobaki, na uzito wako wa Hatua ya 6 nao haukuwa sahihi. Rudi kwenye oveni.

## Hatua ya 12: Taka

Heksani, tolueni na THF ziwekwe kwenye chupa za kioo zenye lebo, mbali na asidi. THF ya taka ipimwe peroksidi kila mwezi inapokaa. Glavu, chujio na vifuko vilivyogusa lami viwe kwenye ndoo yao yenye kifuniko. Vyote vichukuliwe na msafirishaji mwenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Tone lolote lisiingie kwenye sinki. Mifereji ya Kisumu inaelekea Ghuba ya Winam, na benzopirini hukaa kwenye matope ya ziwa kwa miaka mingi. Suuza ya kwanza ya kila chombo ni taka pia. Ya tatu ndiyo inayoweza kufanywa kwa sabuni.